Fidla za Filadelfia

Jumamosi, Novemba. Hallonbergen.

Sitaki kulitaja hilo jambo. Nikiliandika litakaa.

Binti yetu Neema anahamia kwake Hagsätra, mtaa mwingine wa jiji hili, na baba yake alimwahidi santuri za muziki wa soul wa Filadelfia, zile anazosema nyumba isiyo nazo haijahamiwa bado. Leo alasiri akaanza kumchagulia. Akaweka moja ichezwe. "Tulia," akamwambia. "Ngoja fidla zitandike kitanda, ndipo mwimbaji aje alale."

Neema akacheka, akamjibu kwa Kiswidi kama kawaida yake. Mimi nilicheka jikoni. Mzaha huo naujua tangu uchumba wetu.

Upande wa santuri ukaisha. Akaurudia uleule. "Ngoja fidla zitandike kitanda," akasema, kisha akasubiri tucheke.

Tukacheka.

Mara ya tatu niliudhika. "Baba Neema, si umeshasema?"

"Nimesema nini?" Akanitazama kama mtu aliyekosea mlango.

Nikajiambia ni uchovu, ni hili giza la Novemba, wengi huwa hivyo huku. Nilikaribia kuamini.

Kisha Neema akaja jikoni, akafunga mlango. Tangu aanze shule, mimi husema Kiswahili naye hujibu Kiswidi, tumezoea. Leo akanishika mkono, akawa anatafuta neno mojamoja la Kiswahili.

"Mama... baba, yeye ni mgonjwa?"

Nikamjibu hapana, kwa Kiswidi. Kwa Kiswahili uongo huo ulikataa kutoka.