Ukurasa wa "Kuhusu Sisi"

Dada yangu mpenzi,

Natumaini baridi ya huko imepungua na mgongo haukusumbui tena. Mimi mzima. Biashara yangu ya mapazia sasa ina tovuti! Fundi wake alikuja na kompyuta, akakaa sebuleni katikati ya majora ya vitambaa. Alinifundisha mengi: picha zipigwe mchana, namba ya simu ikae juu kabisa, maneno yawe machache.

Tulikwama kwenye ukurasa unaoitwa "Kuhusu Sisi."

"Mko wangapi, mama?" akauliza.

"Wawili," nikajibu bila kufikiri. "Mimi nashona, mume wangu anapima madirisha na kufunga fimbo za pazia."

Akaomba picha yetu. Dada, shemeji yako alihama. Ana mwanamke mwingine. Kila ulipomwulizia nilikwambia yuko kazini.

Nikamwambia fundi aandike "Kuhusu Mimi."

"Wateja huamini zaidi wakisoma 'sisi'," akasema kwa upole.

"Na wakigonga mlango watamkuta nani?"

Akafuta, akaandika upya.

Juzi mteja wa kwanza alinipata kupitia tovuti hiyo. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikatoboa ukuta, nikafunga fimbo. Ilikaa upande kidogo, mimi na yule mama tukacheka, nikaifungua na kuifunga tena. Niliporudi nyumbani nilitamani kumsimulia mtu, na nyumba ilikuwa kimya.

Mama usimwambie bado. Nipigie wewe kwanza.

Mdogo wako