Fishi ya Belyse

Uvira, Jumatano

Kaka yangu mpendwa Basile,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Generose na wote wa hapo Katogota. Natumaini maumivu ya goti lako yamepungua na mihogo inaendelea vizuri. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii.

Nimesikia umemwambia Belyse aache udaktari akusaidie shambani, kwa sababu fishi yake ya staji, ile karatasi ya tathmini ya mafunzo yake hapa hospitalini, inasema hofu ikimshika anashindwa kazi. Fishi hiyo niliiandika mimi, shangazi yake na mwalimu wake. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unajua nawafundisha wanafunzi kuitawala hofu katika chumba cha dharura. Nawaambia humshika hata daktari mkubwa, hivyo anayeona mikono imegoma aseme wazi kwamba amekwama, ampishe mwenzake. Somo hilo nalirudia mpaka wananicheka.

Wiki tatu zilizopita tuliletewa mtoto aliyetolewa ziwani, hapumui. Tulikuwa mimi, Belyse na mama wa mtoto tu. Niliandika kwamba Belyse aliganda, nikamwokoa mtoto peke yangu.

Kaka, ni uongo. Aliyeganda ni mimi. Nilishika mpira wa kupulizia pumzi, kichwa kikawa kitupu, na lile neno moja ninalowafundisha likakataa kutoka. Belyse akaniambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, umekwama. Acha miye nifanye." Akauchukua mpira mkononi mwangu, akawa anahesabu kwa sauti mpaka mtoto akatapika maji na kulia. Yule mama akanishika miguu mimi, akanishukuru mimi, nami nikanyamaza. Niliona aibu kwamba binti yako ameniona hivyo. Jioni ile ile nikaandika fishi.

Hajamwambia mtu, hata wewe. Ananiheshimu, na heshima hiyo nimeitumia kumfunga mdomo. Nimekosa sana, kaka.

Leo asubuhi nimemweleza yote mkuu wa staji. Fishi ameifuta, nami amenisimamisha kufundisha. Nafasi ya Belyse inamngoja mpaka Jumatatu tu. Nakusihi, mwache arudi. Atasimamiwa na daktari mwingine.

Wifi nisalimie sana. Belyse usimpe salamu zangu, msomee barua hii. Na akija Uvira asipopita kwangu, usimgombeze.

Ni mimi dada yako,
Élisabeth