Zile Doti Mbili za Mwanne

Shoga! Nusura nimuue mjukuu wangu Mwanne kwa stara zangu.

Kajifungua salama asubuhi hapa hospitali, mtoto wa kike. Zile doti mbili tulizonunua Kariakoo, kila kanga ikiloa damu namvalisha nyingine, iliyoloa naitia ndooni nafunika. Watu wasione. Si ndivyo tulivyofundwa, mimi na wewe?

Nesi Angelina kapita, kaona kanga kavu. "Bibi, damu haitoki sana?" Nikamjibu, haitoki. Haitoki, shoga!

Mara Mwanne ananiambia, "Bibi, naona giza." Midomo imepauka.

Nikaita, nesi karudi mbio. "Bibi, umebadilisha kanga ngapi?"

Nikaisogeza ndoo nyuma yangu kwa mguu. Bado naficha, shoga! Akauliza tena, taratibu. Nikafunua ndoo. Tatu zinachuruzika, na ya nne aliyovaa imeshaloa.

Akawaita wenzake kwa kelele. Sindano, dripu, tumbo linakandwa, akaongezewa damu. Mimi nje na kichanga kifuani.

Sasa kafumbua macho, kaomba uji.

Nesi hakunigombeza. Kaleta kanga yake mwenyewe, akamfunga Mwanne. "Bibi, hii usinifiche."

Nimemwonyesha sasa hivi. Ina doa dogo tu.