Saksofoni Iliyoitikiwa Amina

Nyamira, Jumapili jioni

Mkawasi mpenzi,

Nakusalimu kutoka kwenye migomba na mvua ya kila alasiri. Leo tumemwoza mwalimu mwenzangu Nyakundi. Alikuwa amemwahidi bibi harusi wimbo wa mapenzi, lakini baba yake Nyakundi, mzee wa kanisa la Wasabato, alimwonya mpiga saksofoni mbele yetu sote:

"Hapa ni nyimbo za kanisa tu. Nikiona bega moja linatikisika, hiyo bomba yako naitia kwenye pipa la maji!"

Yule mpigaji akaupiga wimbo wa mapenzi vilevile, ila polepole mno: sauti moja laini, kimya, kisha nyingine, hata mabega yakakosa pa kuanzia. Mzee akavua kofia na kuinamisha kichwa. Wazee wenzake wakamfuata. Bibi harusi alicheka hadi shela ikatetemeka.

Mwishoni mzee alisema, "Amina," akajipangusa macho. "Kijana, rudia ubeti wa pili. Huo umenigusa."

Nimeandika katika shajara: saa tisa na robo, mzee alilia.

Nikirudi Voi nitakupigia wimbo huo kwa mluzi. Fumba macho ukipenda, lakini usiniitikie Amina.

Mumeo, Mwakio