Kisu cha Kukatia Katani

Athi River,
17 Februari 2002

Kwa shemeji yangu Ndunda,

Pokea salamu zangu, za dada yako Mbinya na za watoto wote wawili. Kwa miili hatujambo. Kwa vichwa, hayo utayasikia huku chini. Natumaini mguu wako umepata nafuu na kwamba mahindi ya Kola yalitoka shambani kabla nyani hawajayafikia. Mama yako namsalimu kwa heshima ya siku zote, kutoka mbali.

Ndunda, nimechoka. Tafadhali kaa chini uisome barua hii pole pole, na usiniambie eti uliisoma ukifukuza ng'ombe.

Unamkumbuka Kulmiye, Msomali anayeuza mbuzi hapa nyuma ya nyumba tunayopanga? Ni yule aliyempeleka Mbinya hospitali kwa pikapu yake siku kifungua mimba wetu alipozaliwa, akakataa hata pesa ya mafuta. Basi Kulmiye yuko seli tangu Jumatano. Wanasema alitaka kuteka nyara ndege. Na kisu chenyewe ni kifupi kuliko kidole changu! Alhamisi hii anapelekwa kortini, na wakubwa wameshaamua vichwani mwao kwamba ni gaidi, kwa sababu ana ndevu na anaitwa Kulmiye.

Tangu yale mambo ya Septemba kule Amerika, kazi yetu ya ulinzi kwenye uwanja wa ndege imekuwa wazimu mtupu. Tulifungiwa darasani wiki mbili na mwalimu mmoja mstaafu, akatusimulia utekaji wa ndege mmoja baada ya mwingine. Alianza na ile iliyoishia Entebbe mwaka wa sabini na sita, ambayo watekaji waliipandia Ugiriki na silaha zao bila mtu kuwauliza. Akaja kwa ile ya Waethiopia ya tisini na sita, iliyoanguka baharini kule Komoro. Hao walikuwa na shoka walilolichukua humo humo ndani ya ndege, na chupa waliyodai ni bomu. Mwisho akasema kwamba ukizifuata nyingi za hadithi hizi mpaka mwanzo, utamkuta mlinzi ambaye hakutazama. Hayo niliyaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari chini.

Sasa sikia tunavyotazama. Tumemnyang'anya padri mzee mkasi wa kukatia kucha. Akija Msomali tunamvua viatu mara mbili, na mkewe tunamuuliza jina la babu yake. Lakini ua wa nyuma uko na tundu ambalo mbuzi wanapitia kwenda kula nyasi kando ya njia ya ndege. Nimeliandikia ripoti tatu, zote zikarudi na jibu kwamba ua hauko chini ya idara yetu. Jameni!

Turudi kwa Jumatano. Kulmiye alikuwa anaenda Dubai kutafuta wanunuzi wa nyama. Kando yake aliketi mama mzee wa Kikamba, aliyechaguliwa na kikundi chao cha akina mama kupeleka vyondo, vile vikapu vyao vya kusuka, kwenye maonyesho huko. Kulmiye anajua Kikamba vizuri kwa sababu ya kununua mbuzi sokoni Machakos miaka yote hii, kwa hivyo akamwonyesha yule mama namna ya kufunga mkanda. Mama akatoa kyondo alichokuwa hajamaliza, akaanza kusuka. Nyuzi za katani zikanaswa na mkanda. Kulmiye akamwomba kisu chake amkatie, na wakati huo huo mhudumu wa ndege akapita. Aliona Msomali ameshika kisu, akapiga kelele, na abiria wote wakateremshwa kabla ndege haijaondoka mahali ilipoegeshwa.

Kulmiye aliwaambia kwamba kisu si chake. Wakamleta polisi mmoja Mkamba, akamuuliza yule mama kama kisu ni chake na ni nani aliyempekua mlangoni. Mama alijifunika uso kwa leso yake na hakusema neno. Wakasema masikini, mzee wa watu ametishwa na gaidi, wakamtafutia gari la kumrudisha nyumbani.

Nafikiri umeshamjua, Ndunda. Kisu nilikiona mezani kwa mkubwa wangu. Mpini wake umefungwa mpira mwekundu wa ndala, sawasawa na kile Mbinya alichopewa na mama yenu tulipooana. Najua mama amewaambia huko Kola kwamba ndege iliharibika. Haikuharibika.

Na wewe pia nina neno na wewe! Mnamsindikiza mama watu kumi na wanne, mnaimba mpaka mlangoni, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kunipigia simu kazini kuniambia anasafiri siku gani? Mngeniambia, ningeomba zamu nyingine. Nasema hivi nikijua kabisa kwamba kosa kubwa si lako.

Kosa kubwa ni langu. Aliyekuwa kwenye mashine mlango ule ni mimi.

Niliinua macho nikamwona mama yako hatua tatu mbele yangu, naye akaniona. Kwa njia ya Kola ningejitupa kichakani na yeye angegeuka, na nthoni yetu, ile heshima ya kuepukana, ingebaki salama. Pale hakuna kichaka. Mkwe hatazami uso wa mama mkwe, hataji jina lake, sembuse kuchungulia kyondo chake kwa mashine inayoonyesha mpaka sindano! Ningemwita mwenzangu anishikie kiti, lakini niliona haya kueleza mambo ya kwetu mbele ya foleni. Kwa hivyo niligeuza kichwa, nikatazama viatu vyangu mpaka kyondo kikapita. Halafu nikasema, anayefuata.

Sasa unaelewa kwa nini mama alinyamaza. Angesema kisu ni chake, wangeuliza alipitia wapi, na angekuwa amemtaja mkwe wake. Amenifichia aibu, na aibu hiyo ameibeba Kulmiye.

Siku tatu nilikaa kimya kwa uoga. Ijumaa jioni Raho, mkewe Kulmiye, alibisha mlangoni kwetu. Aliniomba, kwa kuwa ninafanya kazi huko, nimtafutie jina la mlinzi aliyeacha kisu kipite, kwa sababu wallahi mtu huyo angesema ukweli mumewe angelala nyumbani. Mbinya alinitazama. Nilimwambia Raho jina langu.

Jana niliandika maelezo yote polisi. Kazi imekwisha, hilo nalijua. Lakini mkubwa wa kituo amesema kwamba maneno yangu peke yangu hayatoshi, maana mimi ni jirani wa mshukiwa. Anamtaka mwenye kisu. Kwa hivyo mama lazima aje kabla ya Alhamisi, aseme ni chake, na aseme tukiwa chumba kimoja, yeye na mimi. Msomee barua hii yote, hata pale nilipokosa adabu.

Najua kuna jambo lililopaswa kutangulia. Mbuzi wa kuondoa nthoni, ili tuweze kutazamana, nilimwahidi mama miaka sita, kila Krismasi nikisema mwakani. Festus jirani yenu, anayekuletea barua hii, amemleta. Nilimchukua kwa zizi la Kulmiye. Raho aliponiuliza ni wa kazi gani, nilimweleza. Alimrudisha yule niliyekuwa nimemshika, akaingia mwenyewe zizini na kunitolea beberu mkubwa kuliko wote.

Wasalimie wote wa nyumbani. Mama naye mwambie kwamba Alhamisi nitamsalimu mwenyewe, na sitatazama viatu.

Ni mimi shemeji yako,
Nzuki