Kiatu Kwenye Kiti cha Nyuma

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Kaka mtu, mshike mdogo wako mkono mkivuka barabara.

Nimekwenda gereji. Fundi amepiga simu asubuhi: giaboksi mpya imefika na ameshaifunga, kampuni iliyotuuzia gari imekubali kulipia, waranti yake bado ipo. Baada ya "njoo wiki ijayo" zote zile! Nikacheka. Kisha akauliza, "Mama, kwenye kiti cha nyuma kuna kiatu kimoja cha kike. Tukitupe?"

Ni cha bibi yenu. Kilimtoka mguuni siku ile tukimkimbiza hospitali, gia zilipokataa kuingia, injini ikanguruma na gari lisisogee. Akaniambia, "Usilie mwanangu, tutafika tu." Hakufika. Hadi leo nikipita pale gari lilipokwama namsikia akisema vilevile, sauti yake kabisa.

Nitaliuza gari palepale gere— hapana, nimefuta. Nitakuja nalo. Sijui.

Mvua ikianza anueni nguo, hasa sare. Nyie wawili mnavyopenda kujifanya hamsikii!

Nikikawia msinipigie simu. Nitapita na kiatu chake barabara ile ile, nimwambie mama kwamba gari sasa linakwenda.

Mama yenu