Mkono Uliopungua Nyumbani Kikwajuni

KUMBUKUMBU
Bi Mwanapili Simai, mwandishi wa habari

Ni mwaka mmoja sasa, dada Mwanapili, tangu tulipokusindikiza Mwanakwerekwe asubuhi ile ya mvua, tukarudi na udongo wa kaburi lako viatuni. Familia imenipa mimi, mdogo wako Ahmada, kazi ya kuandika tangazo hili, nami nimelikwepa wiki nzima. Wewe ndiye uliyekuwa ukituandikia kila kitu, kuanzia kadi za harusi mpaka malalamiko ya maji. Leo tunahangaika na maneno peke yetu.

Tunaukumbuka mkoba wako, ulimokaa kinasa sauti na mkate wa ajemi pamoja, makombo yakaingia mashineni na wewe ukailaumu mashine. Tunakumbuka ulivyokuwa ukilala na redio sikioni, na ole wake aliyeizima. Hukuweza kupita Darajani ukafika unakokwenda, maana kila muuza mboga alikuwa na lake la kukwambia na wewe hukuwa na haraka na mtu.

Miaka yote hiyo, redioni na gazetini, ulishikilia jambo moja: mwanamke apige kura kwa akili yake. Uchaguzi ukikaribia ulihamia Paje na Matemwe, ukaingia majini na wakulima wa mwani, mkafunga kamba huku wakikueleza viapo vya waume zao. Atakayechagua kinyume cha mumewe, talaka yake iko tayari. Hukuwaambia wamchague nani, hata walipokubembeleza. Uliwaambia, "Kwenye kituturi cha kura unaingia wewe na Mola wako. Mume abaki nje ashike mwamvuli." Walicheka, lakini waliingia.

Mmoja wao aliachwa kweli. Wakati huo hujaolewa; ulimleta nyumbani na furushi lake la nguo, ukampa chumba chako, wewe ukalala mkekani kwa Mama. Sisi tulinung'unika kwamba nyumba imejaa. Wewe ulikwenda kumtandikia kitanda tu.

Hayo ya nje tulijivunia. Ulipotangaza redioni tuliongeza sauti ili jirani ajue kuwa yule ni dada yetu. Ya ndani ndiyo yanayotutia haya, na Mama ameagiza yaandikwe humu humu, gazetini, kwa kuwa gazeti ndilo lililokuwa lako.

Nyumba yetu ya Kikwajuni ni wakfu wa babu, baba yake Mama. Haiuzwi wala haigaiwi, ni ya kizazi chake chote, wanaume kwa wanawake. Lakini msimamizi wake tulikuwa tukimchagua sisi wanaume, tumefunga mlango wa ukumbi, kwa kunyanyua mikono. Wanawake walikaa uani wakingoja kuambiwa wampongeze nani. Kila mara ulikuja mlangoni ukauliza, "Na sisi je?" Na kila mara Mjomba Msabah, msimamizi wetu, alikujibu, "Nyinyi tushakusemeeni." Tulicheka. Wanasema mcheza kwao hutuzwa. Wewe kwenu tulikutuza sinia la vikombe vya kahawa upitishe.

Ungedhani kifo chako kimetufunza kitu. Ijumaa iliyopita tulikusomea hitima ya mwaka. Mjomba macho yameshamwishia, alitaka apumzishwe usimamizi. Kwa kuwa watu wote walikuwepo, tuliona tulimalize jambo siku hiyo hiyo. Tulifunga mlango, dada. Vidole vyetu bado vikinuka pilau ya hitima yako, tulifunga mlango tukanyanyua mikono, na nikachaguliwa mimi. Hata mkono wangu ulikuwa juu, nilijichagua mwenyewe. Hakuna aliyekukumbuka, wala mwanao Nabeel, ambaye leo hawezi kunitazama ninapowasomea haya nyumbani kabla ya kuyapeleka gazetini.

Tulipofungua ili wanawake waambiwe, Mama alikuwa amesimama kizingitini, mikono imelowa kwa kuosha masinia. Hakupandisha sauti.

"Nyumba hii kaiacha baba yangu," alisema, "na mimi sijapata kunyanyua mkono ndani yake. Mwanangu kafa akiomba. Mmemsomea, mmekula, kisha mkafunga mlango. Basi nyanyueni tena, na leo na mimi nnanyanyua."

Mjomba alianza, "Dada, nyinyi tusha…" Hakumaliza. Alijifunika uso kwa kanzu, mzee wa watu, akalia.

Tulinyanyua tena, mlango wazi. Mama alilazimika kuushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kwa sababu ya lile bega lake linalomuuma. Alichaguliwa dada yetu mkubwa Mwanakheir, aliyekaa ndani ya nyumba ile siku zote wakati sisi wengine tumetawanyika. Mimi niliunyanyua wangu mwisho kabisa, kwa ajili ya Mwanakheir, na mpaka leo sijui kama ulikuwa mkono wa haki au wa aibu.

Hatuyaandiki haya tusifiwe. Uliloliomba umri wako wote lilikwisha kabla chai haijapoa. Hakuna aliyeumia, hakuna ukuta ulioanguka. Wepesi huo ndio unaotuumiza, kwa sababu tungeweza kulifanya jambo hilo ukiwa hai, umesimama pale mlangoni na sinia lako.

Unakumbukwa na hawa, kwa mfuatano wa mikono yao ilivyonyanyuka: mama yako Bi Mwanamwema, dada yako Mwanakheir, binti yako Yusra, mwanao Nabeel, mjomba wako Msabah, watoto wa mjomba wote, na mimi Ahmada. Unakumbukwa pia na mumeo Mansour, ambaye si wa wakfu na hakuwa na mkono wa kunyanyua, lakini ndiye aliyeuzuia mlango kwa kiti chako cha kuandikia, usifungwe tena tukinyanyua.

Mwenyezi Mungu akughufirie na akulaze pema peponi. Utusamehe, dada. Daima tutakukumbuka, na kila tutakapohesabu mikono katika nyumba ile, tutajua kuna mmoja umepungua, na kwamba ulikuwepo miaka yote na sisi ndio tuliokataa kuuhesabu.